Istilahi za Kuvika Metali Rangi ya Unga: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja wa Karakana

Mwongozo tunaokusudia kuuhakiki katika makala haya ni kijitabu cha kurasa chache kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafundi wa karakana inayotengeneza madawati, vitanda na nondo za madirisha. Jina la karakana hiyo hatulitaji, wala la mfasiri, kwa kuwa si nia yetu kumwaibisha mtu. Makosa tutakayoyaonyesha tumeyakuta katika tafsiri nyingine nyingi, na baadhi yake tumepata kuyafanya sisi wenyewe. Kilichotusukuma kushika kalamu ni kwamba kijitabu hiki hakikufungiwa kabatini kama vifungiwavyo vitabu vingi vya aina yake. Kurasa zake zilibandikwa ukutani, zikasomwa, na maagizo yake yakafuatwa kama yalivyoandikwa. Kwa hiyo suala la istilahi hapa si la kupendeza au kutopendeza masikioni. Ni suala la dawati la mtoto wa shule litakalomea kutu kabla ya miaka miwili, na la fundi asimamaye karibu na kifaa chenye umeme wa volti 80,000 au zaidi.

Kabla ya kuingia katika maneno, yafaa kazi yenyewe ielezwe, madhali mfasiri asiyeielewa kazi hawezi kuichagulia istilahi. Kipande cha chuma husafishwa kwanza mafuta, kutu na uchafu wa kuchomelea, kisha huoshwa kwa dawa ya fosfeti, ambayo huacha juu yake tabaka jembamba la kushikia rangi. Baada ya kusuuzwa na kukaushwa, hutundikwa kwenye kulabu. Hapo ndipo unga unapoingia. Huo ni unga mkavu kabisa, uliochanganywa resini, kemikali ya kuishikamanisha resini hiyo, rangi na vijazio, kisha ukasagwa hadi chembe zake zikawa na upana wa mikroni 30 hadi 50 hivi. Hupulizwa kwa hewa kupitia kifaa chenye ncha ya umeme mkali. Chembe zikipita penye ncha hiyo hupata chaji, na zikiwa na chaji huvutwa na kipande kilichounganishwa na erthi, zikaking'ang'ania mbele, ubavuni na hata kisogoni. Kipande hupelekwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Unga huyeyuka, hutandaa, na kemikali zake hushikana hata ukawa utando mmoja mgumu, ambao kwa kazi za kawaida huwa na unene wa mikroni 60 hadi 80, yaani kama unywele mmoja wa kichwani.

Ufundi huu si wa jana. Mjerumani Erwin Gemmer aliubuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa namna nyingine: kipande kilichokwisha pashwa moto kilichovywa katika pipa la unga uliokuwa ukitibuliwa na hewa kutoka chini, ukachemka kama maji ingawa ni mkavu. Namna ya kupuliza kwa umeme ilifuata katika miaka ya 1960, na ndiyo iliyoenea zaidi hata leo. Sababu ya kuenea kwake haifichiki. Hakuna thina ya kuvukia hewani na kumlevya mpakaji, na unga uliokosa shabaha waweza kukusanywa ukatumiwa tena, ilhali rangi ya majimaji ikishakosa shabaha imepotea.

Sasa tuanze na jina. Mwongozo wetu unaiita kazi hii "upakaji wa poda". Neno "poda" limekwisha kaa katika Kiswahili, na kila mtu alijua: ni kile wajipakacho kina mama usoni na kile wampakacho mtoto mchanga baada ya kuoga. Msomaji akikuta "paka poda kwenye mlango" hatakosa kutabasamu, na kutabasamu si dhambi, lakini mzizi wa kosa ni "kupaka" zaidi kuliko "poda". Kupaka ni kutandaza kitu kwa mkono, kwa kitambaa au kwa brashi: tunapaka mafuta, tunapaka chokaa, tunapaka hina. Mkono hugusa kinachopakwa. Katika kazi hii hakuna kinachogusa. Fundi husimama mbali kiasi cha shubiri moja au zaidi, akapuliza, na umeme ndio unaokamilisha kazi. Mgeni wa karakana aliyesoma "upakaji" atadhani afadhali apitishe kiganja pale unga ulipokaa vibaya, na kwa kufanya hivyo ataukung'uta wote chini, kwani kabla ya kuingia tanurini unga haushikiliwi na kitu chochote isipokuwa chaji yake.

Mafundi wenyewe, tulipowasikiliza, husema "rangi ya unga". Jina hili ni zuri, ila lina mwenyewe. Wasukaji wa mikeka huiita hivyo rangi wanayoinunua dukani katika vipakiti, wakaitia katika maji yanayochemka pamoja na ukindu. Wapo pia wapishi wanaojua rangi ya unga ya kutia katika vyakula. Hizi zote ni unga unaongoja maji. Yetu ni unga usiotaka maji kabisa. Ukipata unyevu tu huganda mabonge na kuziba mipira ya kupitishia. Je, tuliache jina la mafundi kwa sababu hiyo? Sisi tunaona la. Lugha ina maneno mengi yenye maana mbili ambayo muktadha huyatenganisha, na hakuna msukaji wa mikeka atakayeingia katika karakana ya madawati akatafuta rangi ya ukindu. Tunalolitaka ni kitenzi. Tunapendekeza "kuvika", tuseme "kuvika metali rangi ya unga", na kazi yenyewe "uvikaji rangi ya unga". Anayevikwa huzungukwa pande zote, na ndivyo unga ufanyavyo. Aidha, kitenzi hiki hubeba wazo la kinga: aliyevikwa amesitiriwa na jua na mvua.

Pale inapotajwa hatua moja tu ya kutoa unga katika kifaa, "kupuliza" latosha. Hapa hatukubuni chochote. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wamekuwa wakipuliza salfa ya unga kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga kwa miaka mingi, na mashine waifanyiayo kazi hiyo wanaiita bomba. Mfasiri aliyeketi ofisini na kamusi mbili za Kiingereza angalifika mbali zaidi lau angalizungumza na mkulima mmoja wa Masasi.

Badala yake ametupatia "bunduki ya unga". Ni kweli kwamba Waingereza hukiita kifaa hiki kwa jina la silaha, kwa sababu kina mpini na kifyatulio. Lakini tumfikirie karani wa forodha aliyewekewa mezani orodha ya mizigo isemayo "bunduki za unga, 12". Neno la kwanza litamfanya amwite polisi. Na la pili, kwa maana liliyoipata mitaani katika miji yetu, litamfanya amwite polisi wa kitengo kingine. Tunasema hivi kwa mzaha, ila orodha za aina hiyo huandikwa na watumishi wa serikali, na mzigo uliozuiliwa bandarini hulipiwa gharama za ghala. "Kipulizio" au "bomba la kupulizia unga" halimshtui mtu.

Tumefika kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lililoharibu kazi nyingi zaidi katika karakana ile. Katika ukurasa unaohusu tanuri mwongozo unasema: "Tibu kipande kwa dakika 20." Mahali pengine unasema "kausha", na penginepo tena "choma". Maneno matatu kwa tendo moja, na hakuna hata moja lililo sahihi. Chanzo chake chaeleweka. Neno la Kiingereza lililotumika hapo ni lile ambalo hospitalini humaanisha kuponya. Lakini neno hilohilo Waingereza hulitumia kwa tumbaku, kwa samaki wa chumvi, kwa ngozi na kwa zege, na sisi katika kazi hizo tuna maneno tofauti kabisa. Mkulima wa Urambo hukausha tumbaku yake katika bani. Mvuvi hufanya ng'onda. Mwashi aliyekwisha mwaga zege hulimwagilia maji kwa siku kadhaa ili lisipasuke, yaani hulifanyia kinyume cha kukausha. Kiingereza kimeridhika na neno moja. Kiswahili kimegawanya kazi kwa kutazama kinachotendeka. Mfasiri aliyeshika kamusi amefuata umoja wa Kiingereza, na kwa hiyo ameupoteza utajiri wa lugha yake.

Ni nini basi kinachotendeka katika tanuri? Hakuna kinachokauka, maana hakukuwa na majimaji. Hakuna kinachochomwa, na kikichomwa kimeharibika: rangi nyeupe hugeuka manjano. Kinachotendeka ni kwamba unga huyeyuka na kutandaa, na wakati huo tayari unang'aa na unapendeza, hata fundi asiyejua atadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Ni baada ya hapo ndipo minyororo ya resini inapofungamana, na ikishafungamana haiyeyuki tena hata ukiirudisha motoni. Mpishi yeyote analijua jambo hili. Samli huyeyuka, ikaganda, ikayeyuka tena. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi. Rangi tuizungumziayo ni ya kabila la yai. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kuiva" na "kuivisha". Neno hili halihitaji kuelezwa kwa fundi, nalo huzaa jamaa yake bila taabu: rangi mbichi, rangi iliyoiva, muda wa kuiva, joto la kuivishia, na ile kemikali ya kushikamanisha resini, ambayo mwongozo unaiita "mgumushaji" kana kwamba ni mtu, tutaiita "kiivishi". Zipo pia rangi za unga za kabila la samli, ambazo huyeyuka kila zipatapo moto. Hizo haziivi, na wala haifai kusemwa kuwa zinaiva.

Tofauti hii ina gharama. Agizo la "dakika 20" katika mwongozo halikusema dakika hizo huhesabiwa tangu lini. Maandishi ya asili, tuliyoyaomba na kuyasoma, yanasema wazi kwamba huhesabiwa tangu metali yenyewe ifikie joto linalotakiwa, si tangu mlango wa tanuri ufungwe wala tangu hewa ya ndani ifikie joto hilo. Mfasiri aliyeandika "kausha" hakuona umuhimu wa sentensi hiyo akaifupisha, kwa kuwa kitu cha kukauka hukauka tu, leo au kesho. Lau angaliandika "ivisha", maneno "tangu chuma kipate moto" yangalijileta yenyewe, kama mpishi wa maharage asivyohesabu muda tangu kuwasha kuni. Bomba jembamba la mguu wa dawati hupata moto upesi; bamba nene la kitanda huchelewa. Vikitolewa pamoja, kimoja kimeiva na kingine ni kibichi ndani, ingawa kwa macho ni sawasawa. Kile kibichi ukikisugua kwa kitambaa chenye kiyeyushi kikali hulainika na kutia rangi kitambaani, na ukikigonga hubanduka magamba. Tulionyeshwa madawati ya namna hiyo. Mwalimu mkuu aliyeyapokea alidhani amedhulumiwa kwa kuuziwa rangi ya bei rahisi. Rangi haikuwa na kosa.

Neno la tatu la kusimamia ni "ardhi". Mwongozo unaagiza: "Kipande lazima kiwekwe ardhini kabla ya kupuliza." Mfasiri alikusudia kipande kiunganishwe kwa waya na fimbo iliyochimbiwa ardhini, ili umeme unaoletwa na chembe za unga upate njia ya kutokea. Fundi aliyesoma agizo hilo alifanya lililoandikwa. Alikitoa kipande kwenye kulabu akakiweka sakafuni, juu ya ubao, akapuliza. Unga ulimrudia mwenyewe kifuani, kwa kuwa kipande kilichofungiwa njia ya umeme hujaa chaji na kuzisukuma chembe zinazofuata. Naye alipokigusa alipigwa. Hakuumia sana. Angaliweza kuumia zaidi, si kwa pigo lile pekee, bali kwa sababu cheche ndogo ya namna hiyo ikitokea ndani ya wingu la unga yaweza kuliwasha.

Katika vikao vya istilahi tumesikia pendekezo la "kuardhisha", nalo limeundwa vizuri kwa kaida zote za unyambuaji. Hata hivyo hatuliungi mkono katika miongozo ya karakana. Mafundi umeme wa mijini na vijijini husema "erthi", na husema "piga erthi", "waya wa erthi". Neno hili ni mkopo, limekwisha vaa sauti za Kiswahili, na haliwezi kuchanganywa na kuweka kitu chini. Mahali ambapo neno zuri na neno salama hugombana, tunachagua salama. Aliye na shaka asimame katika karakana aseme kwa sauti "ardhisha hiki!", kisha atazame fundi atakifanya nini.

Tukiwa hapohapo kwenye erthi, mwongozo umeacha jambo ambalo lilikuwamo katika asili: kulabu zisafishwe mara kwa mara. Kulabu huvikwa rangi pamoja na kipande, zikaingia tanurini, rangi ikaiva juu yake. Na rangi iliyoiva haipitishi umeme. Baada ya mizunguko kadhaa kulabu iliyonenepa kwa rangi huwa kama mpira, na kipande kinachoning'inia huwa hakina erthi ingawa waya wote uko mahali pake. Kipimo kinachotumika ni kwamba ukinzani kutoka kwenye kipande hadi ardhini usizidi megaomu 1. Mfasiri aliruka sentensi hii, pengine kwa kukosa neno la "ukinzani", ambalo wanafunzi wa fizikia wa sekondari wanalo.

Hapa tumruhusu msomaji apumzike kidogo. Neno "kaharabu" katika Kiswahili ni ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe la manjano na kutungwa shanga. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni "kinyakuacho majani makavu", kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani na nyuzi. Waarabu wa leo, kwa kufuata nguvu hiyo ya kuvuta, huuita umeme kwa neno hilohilo. Sisi tuliuita umeme kwa kutazama mbingu wakati wa mvua. Kama tungaliufuata mkondo wa kaharabu, uvikaji wa rangi ya unga ungalikuwa na jina tangu zamani, maana ni kaharabu na majani makavu tu, kwa kiasi kikubwa zaidi. Kusema kweli kipo hata leo kipulizio kisichotumia ncha ya umeme mkali, ambacho huzitia chembe chaji kwa kuzisugua tu katika mrija wa plastiki maalumu.

Makosa mengine tutayapitia kwa haraka. "Vaa barakoa kwenye nyuzi" ni agizo la kuziba hesi za parafujo ili rangi isiingie. Wala hakuna wa kuvaa barakoa hapo, wala hakuna nyuzi. "Ziba hesi" yatosha kabisa. "Madini" yametumika kila mahali kwa maana ya metali, ilhali madini ni yale yachimbwayo. Dawati halitengenezwi kwa madini. "Ulimbo" kwa resini limetuchekesha, maana linatukumbusha kunasa ndege, lakini hatuna ugomvi nalo mkubwa zaidi ya kusema kwamba "resini" limekwisha zoeleka. "Sikukuu" lilitushangaza hadi tulipoirudia asili. Sentensi yasema: "Kagua sikukuu zote kabla ya kupeleka mzigo." Wakaguzi wa Kiingereza hupaita kwa neno hilo mahali ambapo utando umekosekana, pakabaki chuma kitupu, ni lugha ya mafundi, labda kwa kuwa mpakaji hapo alikuwa likizoni. Kwetu panaitwa "upara", na hakuna asiyeelewa.

Haki yatudai tusifu pia. "Utando" kwa lile tabaka lililoiva ni chaguo bora, lenye wembamba na mshikamano ndani yake, kama utando wa maziwa. "Ganda la chungwa" kwa ule uso wenye vibonyo vidogovidogo ni tafsiri ya neno kwa neno, lakini ni moja ya chache zinazofaulu, kwa sababu chungwa la Muheza lina ganda lilelile kama chungwa la kwingineko. "Kizimba cha Faraday" pia kimekaa vizuri. Ni hali ambayo umeme huishia kwenye kingo za pembe ya ndani bila kuingia kilindini, kwa hiyo unga haufiki pembeni mwa fremu. Ila maelezo yaliyofuata yameipotosha istilahi: "ongeza nguvu pembeni". Nguvu ipi? Fundi aliongeza volti, na pembe zikazidi kuwa tupu. Kinachotakiwa ni kupunguza volti, na kuelekeza kipulizio kwa namna ya kuufikisha unga kwa upole. "Nguvu" ni neno la hatari katika maandishi ya ufundi, kwa kuwa lazidi kubeba mambo matano au sita. Mfasiri asilitumie bila kulifunga kwa neno jingine.

Lipo agizo moja ambalo tungependa liondolewe leo, kabla hata ya mengine kusahihishwa. Ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa "Usalama", unasema kwamba rangi hii "haina thina, kwa hiyo haiwaki moto". Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili mfasiri ameizidisha, kwani asili ilisema tu kwamba hatari ya moto ni ndogo kuliko ile ya rangi zenye thina. Unga uliolala mfukoni ni mgumu kuwaka. Unga uliotawanyika hewani, kila chembe ikiwa imezungukwa na hewa yake, huwaka kwa mkupuo mmoja. Tarehe 2 Mei, 1878, kinu cha ngano cha Washburn katika mji wa Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga wake mwenyewe, na watu 18 wakafa. Hiyo ilikuwa ngano, chakula. Ndiyo maana vyumba vya kupulizia huwekewa feni za kuvuta hewa ili wingu lisifikie kiwango cha kuwaka, na ndiyo maana erthi husisitizwa kwa mtu, kwa kipande na kwa kifaa. Hapa neno "unga", ambalo wengine walitaka liachwe kwa kuwa ni la jikoni mno, lina faida: waliofanya kazi vinuni hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Limebaki neno moja ambalo halijatupatia usingizi. Rangi za unga zenye resini ya epoksi hushika vizuri na huvumilia kemikali, lakini zikikaa juani uso wake hupauka na kutoa vumbi jeupe linaloshika mkononi. Ndiyo sababu geti na nondo za madirisha huvikwa rangi yenye resini ya poliesta, na epoksi huachiwa vitu vya ndani ya nyumba. Katika pwani yetu, ambako upepo wa bahari huleta chumvi mchana kutwa na jua halina huruma, fundi asiyejua kutofautisha hizi mbili atakuwa anauza hasara. Mwongozo umeliita tukio hili "kuandika kwa chaki". Mwenzetu mmoja alipendekeza "kuchokaa", kutokana na chokaa. Tulilijaribu katika sentensi, "geti hili limechokaa", na kila aliyesikia alidhani geti limechoka. Tukalijaribu "kutoa chokaa", kama ukuta uliopakwa chokaa unavyomchafua shati anayeuegemea, na hilo lilieleweka na wapakaji, na hata na wasio wapakaji. Tumelipokea kwa muda. Wasomaji wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, ambao wamekaa na kuta za chokaa muda mrefu kuliko sisi wa bara, huenda wanalo neno lililo fupi zaidi, na tungefurahi kulipata.

Kwa ule unga uliokosa kipande ukakusanywa chini ya chumba, mwongozo una "unga wa ziada uliochujwa". Kuchuja ni kwa majimaji. Unga huchekechwa, kwa chekecheke, kama mama achekechavyo unga wa mahindi ili pumba na takataka zibaki juu, na hivyo ndivyo hasa ifanyavyo ile mashine yenye wavu unaotikisika. Tumeandika "unga uliochekechwa" katika nakala yetu ya masahihisho.

Nakala hiyo tumeirudisha kwa wenye karakana. Tuliwaomba wasingoje kuchapa upya kijitabu kizima, bali wabandue kwanza kurasa mbili, ule wa erthi na ule wa usalama, na kubandika zetu mahali pake.